Sweta Isiyo na Shingo

Sweta ilikuwa imelazwa mezani juu ya karatasi ya nailoni, mikono imetanuliwa huku na huku, kama mgonjwa anayemsubiri daktari aliyekwenda kunywa chai. Ya kijivu, imefumwa vizuri kuliko nyingi zinazouzwa madukani, kifua kipana cha mtu asiyejua njaa. Kasoro yake moja tu: haikuwa na mahali pa kupitishia kichwa. Shingoni palikuwa pamezibwa, bega hadi bega.

"Ukijaribu kuivaa unakufa kwa kukosa pumzi," alisema Mkuu wa Kitengo. "Huo ni ujumbe. Au mimi ndiye nisiyejua kusoma?"

"Sijasema kitu, mkuu."

"Ndiyo maana naogopa. Wewe ukinyamaza hivyo, mimi huwa nachelewa kurudi nyumbani."

Mwanamke aliyeinamia sweta ile walizoea kumwita Mizani. Si wazazi waliompa jina hilo, ni wenzake wa kazini, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima watu. Yeyote aliyemfuatafuata mheshimiwa, aliyempigia simu za matusi, aliyeganda langoni kwake bila shughuli, jalada lake lilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye madirisha yasiyofunguka, likatua mbele ya Mizani. Yeye alitakiwa aseme mtu huyo ana hatari kiasi gani, kisha aandike rangi. Kijani: mwacheni. Njano: gari la ulinzi likae nje ya nyumba yake mpaka tathmini nyingine. Nyekundu: akamatwe leo leo, awekwe ndani kwa amri ya tahadhari, bila kesi, bila tarehe ya kutoka. Wapo waliowekwa ndani kwa amri hiyo enzi za mkuu aliyemtangulia huyu, na hadi leo hakuna anayekumbuka walifanya nini, isipokuwa mama zao.

Rangi hizo zilikuwa za waheshimiwa peke yao. Mtu wa kawaida akifuatwafuatwa, akiviziwa mlangoni, akaenda kituoni kulia, alipewa benchi. Akikaa sana kwenye benchi alipewa ushauri: nendeni mkayamalize nyumbani. Mji mzima unamkumbuka yule mama mfua nguo aliyeambiwa hivyo. Alirudi nyumbani kuyamaliza, na kweli yakamalizika. Walimzika mvua ikinyesha, na afande wa kaunta akatuma rambirambi.

"Kesho Kamishna anazindua kampeni," Mkuu aliendelea. Alikuwa akimsema Kamishna wa Usalama wa Raia, na kampeni yenyewe iliitwa Raia Salama. Fulana zake zilikuwa zimerundikwa kwenye maboksi nje ya choo cha ofisi. "Gari letu linatakiwa huko, kwa hiyo njano imekwisha. Nataka huyu fundi sweta awe ndani kabla jua halijazama. Kalamu hii hapa."

Mizani hakuishika. Alilijua jalada kwa moyo. Mwanamke wa makamo, anaishi peke yake, anafuma sweta za wanafunzi. Siku Kamishna alipohutubia uwanjani, alipenya mbele ya umati akamnyooshea kidole: "Na wewe nitakufuata mpaka ulale macho!" Siku hiyo hiyo gari likapelekwa nje ya nyumba yake, na halijaondoka tangu hapo, kwa kuwa kila tathmini ilipokaribia kulitoa, kilizuka kitu. Kwanza mkono mmoja wa sweta ulioachwa langoni kwa Kamishna, umezibwa pa kutokea kiganja. Halafu simu ofisini kwa Kamishna: mwambieni sijamsahau. Sasa hii.

"Nani kati yetu amewahi kuzungumza naye?" Mizani aliuliza.

"Kuzungumza naye ili iweje? Jalada limejaa."

"Nitaandika jioni, nikishamwona."

"Jioni, si kesho. Na ukiandika kijani, weka sahihi yako kubwa. Kamishna akikwaruzwa hata ukucha, nitakuwa wa kwanza kukuonyesha kwa kidole."

Mizani aliinama tena. Kwenye mstari ule uliozibwa shingoni kulipita uzi wa rangi nyingine, mweupe, ukitokeza kwenye bega kama mkia wa panya. Fundi aliyefuma kazi safi namna ile asingesahau kukata uzi. Aliikunja sweta, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaondoka nayo.

*

Nyumba ya Kamishna ilikuwa na ukuta mrefu na mlinzi mfupi. Mlinzi alijibu maswali akiwa amesimama wima kana kwamba anapigwa picha.

"Aliiletaje?"

"Kwa miguu, afande. Mchana kweupe. Akanisalimia. Akasema, mpe mheshimiwa, mwambie imetoka kwa fundi sweta. Nikamuuliza fundi sweta yupi, akanielekeza mpaka kwake."

"Alikuelekeza kwake?"

"Akasema ukipita duka la mitungi ya gesi, utaona gari la serikali, basi hapo hapo."

Mizani alimtazama kidogo, akaingia ndani.

Mke wa Kamishna alikuwa sebuleni peke yake, kwenye viti ambavyo vingetosha harusi. Hakungoja salamu ziishe.

"Mimi swali langu ni moja tu, mwanangu. Nani amempima mume wangu?"

"Kumpima vipi, mama?"

"Hiyo sweta ni saizi yake. Si karibu na saizi yake, ni yake! Nimeiweka juu ya shati lake, bega kwa bega. Mimi nimeolewa naye miaka yote hii na bado nikimnunulia shati tunarudi kubadilisha. Sasa huyo mwanamke amejulia wapi urefu wa mikono yake?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja kubwa ya Mkuu pia: mshukiwa ameingia ndani ya nyumba, au kuna wa ndani anayemsaidia. Mizani alikagua milango, akakagua chumba cha kufulia, akamhoji anayepiga pasi. Nguo hazikupungua, hakuna dirisha lililochokolewa. Kwenye ukumbi kulikuwa na picha ya Kamishna akihutubia uwanjani, mikono juu, shati likimvuta tumboni, umati miguuni pake.

"Siku ile alihutubia muda mrefu, mama?"

"We! Watu walizimia kwa jua." Mke wa Kamishna alishusha sauti. "Niambie ukweli kama mwanamke mwenzangu. Ni hawara yake?"

"Hapana, mama."

"Una hakika?"

"Hawara asingemfumia bure."

Mama yule alicheka, kicheko kikaishia njiani, akaachwa tena na viti vyake.

*

Gari la ulinzi lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya chumba na sebule, chini ya kivuli cha ukuta wa jirani. Ndani walikuwemo askari wawili. Mmoja aliitwa Kipara, mwenye mdomo usio na breki. Mwingine, Twiga, magoti yakimgusa kidevuni, hakusema ila alipoulizwa. Kati yao, juu ya dashibodi, palikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili.

"Chai hiyo mmeitoa wapi?"

Kipara alijaribu kukificha kikombe, akakosa pa kukificha. "Kwa mshukiwa, afande."

"Mnakunywa chai ya mtu anayetuhumiwa kutaka kumuua Kamishna."

"Tangawizi anaikolezea kweli kweli. Afande, mimi nimekaa nje ya nyumba za watu wengi. Wengine wamenimwagia maji machafu, mmoja alinifungulia mbwa. Huyu alituwekea balbu nje ili tuone vizuri. Jua likigeuka anatuambia tusogeze gari. Hatari kabisa huyu!"

Twiga alikohoa kuficha kicheko. Mizani hakucheka. Aliitazama nyumba. Dirisha la mbele, lililotazama gari, pazia lilikuwa limevutwa wazi hadi mwisho, na nyuma ya kioo aliketi mwanamke kwenye mashine ya kufuma, mkono ukienda na kurudi. Alizunguka nyuma kupitia kichochoro. Dirisha la nyuma lilizibwa kwa blanketi lililopigiliwa misumari pande zote.

Alirudi garini. "Pazia la mbele lilikuwa hivyo tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Na mashine alikuwa nayo chumbani, akaihamishia pale dirishani. Anasema anapenda mwanga."

"Nani mwingine huja hapa?"

"Nani aje? Tangu tuweke gari majirani wamehama hata upande wa barabara. Labda yule fundi kufuli tu, na yeye hafiki mlangoni. Anapita na kisanduku chake, anasimama kupiga soga. Mtu poa sana. Ufunguo wa gari ulikatikia kwenye swichi, akatutengenezea bure."

"Soga gani?"

"Za kawaida. Mpira. Maisha. Anatuonea huruma kukaa juani. Kila siku anatuuliza, wakubwa, mnaondoka lini mkapumzike?"

"Na mnamjibu?"

"Afande, ni mtu wa kawaida tu..."

"Mnamjibu?"

"Tunamwambia. Hata huyu mama tunamwambia tathmini ikikaribia. Si siri ya vita."

Ilikuwa siri ya vita, ila vita yenyewe haikuwa ya Kamishna. Mizani aligeuka akauendea mlango.

Alisimama pale kabla ya kubisha. Ubao wa mlango ulikuwa na viraka: kila mahali palipowahi kukaa kitasa palikuwa pamezibwa kwa kipande cha mbao na gundi, kimoja juu ya kingine, mpaka mlango ukafanana na suruali ya mtoto mtundu. Kitasa kilichokuwepo bado kilikuwa na utepe wa dukani.

"Karibu," sauti ilisema kutoka ndani. "Ngoja niondoe nondo."

Fundi sweta alikuwa mwembamba, mwenye nyuzi kwenye nywele. Alimtazama mgeni juu hadi chini, mara moja tu.

"Kifua thelathini na nane. Mkono wako wa kushoto mrefu kidogo kuliko wa kulia, hakuna aliyewahi kukuambia?"

"Hakuna anayenitazama hivyo."

"Kaa basi. Kikombe ni kimoja, vingine viko garini."

Mizani alikaa. Ukutani zilitundikwa sweta za shule za kijani ambazo hazijakwisha. Zote shingoni zilikuwa zimepitishwa uzi mweupe, unaning'inia begani. Alinyoosha mkono, akaushika mmoja, akauvuta taratibu. Ulitoka mzima mzima, na shingo ikafunguka kama mdomo unaopiga miayo.

"Unaniharibia kazi," alisema fundi sweta, lakini alikuwa ameacha kusukuma mashine.

Mizani alitoa ile ya Kamishna kwenye nailoni, akaiweka mapajani. "Hii pia ukiuvuta uzi inafunguka. Haijazibwa. Haijamalizwa tu."

"Nilikuwa na haraka."

"Kwa sababu Kipara alikwambia tathmini imekaribia."

Nje, Kipara alikuwa akicheka na kitu kwenye simu.

"Mimi kazi yangu ni watu wanaowafuata wakubwa," Mizani alisema. "Nawajua. Anayemchukia mtu huzidi kumsogelea. Leo barua, kesho lango, keshokutwa mlango. Wewe husogei. Unatupa kitu, unarudi kukaa dirishani. Unamwelekeza mlinzi wa Kamishna mpaka kwako. Na mtu anayechungwa na polisi hufunga pazia upande wa polisi. Wewe umefunga upande mwingine. Nani yuko nyuma, dada?"

Fundi sweta aliinuka, akairudisha nondo mlangoni, akakaa tena. Alipoanza kusema alisema kwa haraka, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukisoma sana mbele ya watu wasiosikiliza.

"Aliyekuwa mume wangu ni fundi kufuli."

Waliachana kwa karatasi, mbele ya hakimu, kila mtu na njia yake. Njia ya mume ikawa mlangoni kwa mke. Mke alibadili kitasa, aliporudi kutoka sokoni akakuta sweta zake zimekunjwa vizuri, zimepangwa kwa saizi. Alibadili tena, akaamka akakuta mkasi wake umelazwa juu ya mto, karibu na shavu. Alihama mtaa. Mwenye nyumba mpya akamwita fundi wa kukagua milango, na fundi aliyekuja, akitabasamu na kisanduku chake, alikuwa yeye.

"Hanipigi. Hatukani. Siku moja nimeingia nimekuta chai mezani, kikombe bado cha moto. Nikakimbilia kituoni. Unajua afande aliniambia nini? Amekupikia chai, na wewe umekuja kumshitaki? Wakacheka wote mpaka aliyekuwa mahabusu akacheka. Nikarudi tena. Na tena. Mwishowe wakaniita Bibi Chai."

"Ukaenda kwa Kamishna."

"Niliomba kumwona. Nikaambiwa yuko kwenye semina ya usalama wa raia." Aliinua mabega. "Siku ile uwanjani, wallahi sikupanga kitu. Nilimwona pale juu amezungukwa na walinzi kama keki yenye inzi, hasira zikanipanda, nikapiga kelele. Basi jioni gari likaja. Nikajua nimekwisha. Lakini usiku ule hakuna aliyefungua mlango. Ndio usiku wa kwanza nililala mpaka asubuhi."

"Ukaona njia."

"Nikaona kwamba kumbe gari lipo. Siku zote walikuwa wakiniambia gari hakuna." Alichezea uzi uliovutwa. "Wateja wamenikimbia. Majirani wanasema mimi ni gaidi. Anayenisalimia hapa ni Kipara tu. Lakini bora waniogope wote, nilale. Sasa niambie umekuja na rangi gani?"

Mizani hakulipamba jibu. Alimwambia kama lilivyo: gari linaondoka leo. Akiandika nyekundu, yeye anaingia ndani na hatoki. Akiandika kijani, anabaki hapa na kitasa chake kipya.

"Andika nyekundu," alisema fundi sweta. "Huko milango hufungwa na serikali."

Mizani alimtazama, akaona hatanii.

"Kitasa hiki kipya, nani ana ufunguo wake?"

"Mimi. Nimekinunua na kukifunga mwenyewe."

"Hujampa mtu? Hujamruhusu mtu?"

"Nimpe nani?"

"Nifundishe kusukuma hiyo mashine."

Ilimchukua fundi sweta muda kidogo kuelewa. Alipoelewa alirudi nyuma mpaka ukutani. "Hapana. Mimi si chambo. Nimeshakuwa chambo vya kutosha."

"Si wewe utakayekaa kwenye kiti. Umeniambia saizi yangu. Nipe sweta inayonienea, na hicho kitambaa chako cha kichwa."

*

Kipara hakuambiwa chochote, kwa kuwa alihitajika jinsi alivyo. Mizani alitoka mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Kijani. Fungasheni, kampeni inawangoja." Akaondoka zake kuelekea kituo cha basi. Alipofika duka la mitungi ya gesi alikata kulia, akapita kichochoroni. Fundi sweta alikuwa ameshang'oa misumari ya blanketi; alimvuta ndani kwa dirisha la nyuma.

Kipara hakumwangusha. Kupitia ufa wa mlango wa chumbani walimsikia akimpigia kelele mtu upande wa pili wa barabara.

"Fundi! Leo tunakuaga! Hakuna jua tena!"

"Mnaondoka wakubwa?" Sauti laini, yenye heshima, sauti ya mtu unayeweza kumpa mtoto wako akushikie. "Afadhali mpumzike. Mmeteseka sana."

Gari liliwaka, likapiga honi, likaenda. Mizani aliingoja kona imeze mngurumo wake, akampigia simu Twiga. Alimwambia maneno machache. Twiga alijibu moja: "Sawa." Kisha akasikika akimwambia mwenzake afunge mdomo na ageuze gari.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye kingo za mabati. Fundi sweta alijifungia chumbani. Mizani aliketi mashinani akiupa mlango kisogo, kitambaa kimevutwa hadi usoni, akasukuma kama alivyofundishwa, bila uzi, kwenda na kurudi, kreee, kreee. Nondo walikuwa wameiondoa, kitasa wakakifunga kwa ufunguo. Mtaa ulikuwa kimya, kimya cha kujitakia. Kila dirisha lililotazamana na nyumba ile lilikuwa limefungwa tangu zamani. Mtu angeweza kuuawa pale akiwa kwenye mwanga, mbele ya kioo, na mashahidi wote wakawa wameangalia pembeni. Simu yake ilikuwa mfukoni, haikulia. Siku nyingine pia, jioni kama hizi, haikuwa na desturi ya kulia.

Kitasa hakikupiga kelele. Alichosikia ni hewa. Hewa ya nje ilimgusa shingoni, halafu ikakoma. Mlango ulifunguliwa na kufungwa tena kwa adabu.

"Usishtuke," ile sauti laini ilisema. "Endelea na kazi. Nimekuja kukaa tu."

Kreee, kreee.

"Wamekuacha, si unaona? Nilijua watakuacha. Kila mtu hukuacha." Kisanduku kiliwekwa sakafuni. Birika liliguswa. "Nani aliyebaki? Mimi. Hata uwaite polisi wa nchi nzima, wataondoka, na mimi nitabaki. Hiki kitasa umenunua cha bei rahisi sana, mke wangu. Sikutumia hata—"

Mizani aligeuza kiti.

Fundi kufuli alikuwa mtu wa kawaida. Ndicho kilichomuudhi Mizani baadaye: shati safi, nywele zimechanwa, birika mkononi. Aliutazama uso ule usio wa mkewe, kisha nguo zile zilizo za mkewe, na kwa mara ya kwanza akaonekana amefikishwa mahali asipokuwa na ufunguo wa pa kutokea.

"Weka birika chini, fundi. Leo hatunywi chai."

"Kuna makosa hapa, dada. Mlango ulikuwa wazi."

"Nimekaa humu muda wote, na ulikuwa umefungwa."

Aliugeukia mlango. Ulijazwa na Twiga. Nyuma ya Twiga, Kipara alikuwa ameshika pingu, na alikuwa hacheki. "Na ufunguo wa gari nilikushukuru," alisema. "Nikakushukuru mpaka kwa mama yangu nikakusimulia."

*

Afande wa kaunta alimtazama fundi kufuli, akamtazama fundi sweta, akaangua kicheko.

"Bibi Chai! Leo kakupikia nini?"

Mizani alikuwa bado amevaa sweta ya watu. Aliweka kitambulisho chake juu ya kaunta.

"Andika. Kuvunja na kuingia."

"Afande, haya mambo ya mke na mume..."

"Waliachana mbele ya hakimu."

"Hata hivyo. Nendeni mkaya—"

"Nyumba aliyoivunja iko chini ya ulinzi kwa ajili ya usalama wa Kamishna. Mpaka mimi niandike rangi nyingine, ni njano. Sijaandika. Shahidi ni mimi, na askari wawili wa Kamishna hawa hapa. Unataka nimwambie Kamishna ulisema nini?"

Kicheko kilimtoka usoni kama maji kwenye beseni lililotoboka. Kofia ilivaliwa. Kalamu, ambayo miaka yote hiyo ilikuwa haina wino, ikawa na wino. Fundi sweta alisimama akitazama maneno yake mwenyewe yakiandikwa, yale yale aliyoyasema mara zote, na kila aliposita afande alimwambia, "Endelea, mama. Taratibu, mama."

Nje ya kituo Mizani alipiga simu.

"Rangi," alisema Mkuu.

"Fundi sweta, kijani. Sahihi kubwa."

"Nasikia umekamata mwanaume. Huyo tumpe nyekundu?"

"Hana rangi huyo, mkuu. Ana kesi, na tarehe ya kufika mahakamani."

"Alimtishia Kamishna?"

"Hapana."

"Sasa kwenye taarifa niseme alimtishia nani?"

"Raia," Mizani alisema.

"Fomu ya kitengo chetu haina nafasi hiyo," Mkuu alisema, na hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetazama karatasi na kuitafuta nafasi yenyewe. Akakata simu.

Alimsindikiza fundi sweta hadi kwake. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Barabarani, pale gari liliposimama siku zote, palibaki doa la mafuta. Mlangoni Mizani alitoa ile ya kijivu kwenye nailoni.

"Jalada likifungwa, kielelezo hurudi kwa mwenyewe."

Fundi sweta aliuvuta uzi mweupe, shingo ikafunguka. Akaipima kwa jicho kwenye mabega ya Mizani. "Hii itakumeza. Hiyo uliyovaa baki nayo. Mkono wa kushoto nitakuongezea siku ukipita."

"Nitapita."

"Watu husema hivyo."

Aliingia. Mizani alisikia kitasa, kisha akangoja kusikia nondo ikiwekwa. Haikuwekwa. Ndani taa iliwaka, kivuli kikaja dirishani, na mkono ukalishika pazia la mbele, ukasita, ukalivuta mpaka likafunga.

Alibaki amesimama kwenye doa la mafuta, ndani ya sweta yenye mkono mmoja mfupi, akilitazama dirisha lisilomtaka tena mtu wa kulitazama. Kisha akaenda kutafuta basi.